Mbona moshi wa volkano ulishuka mlima badala ya kupanda?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Nakuru. Niliwaonyesha wanafunzi wangu video ya mlima Fuego wa Guatemala, ile ya 2018. Wingu la kijivu linateremka korongoni, watu wamesimama darajani wanalipiga picha, halafu ghafla wanaanza kukimbia. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: moshi wa moto si hupanda? Mbona huu unashuka, tena kwa kasi ya gari? Nilijibu juu juu nikabadilisha mada. Nisaidie. Na kwa kuwa tunaishi chini ya volkano ya Menengai, je, kitu kama kile kimewahi kutokea hapa kwetu?

JIBU: Mwalimu, huyo mwanafunzi amegusa penyewe. Gesi inayotoka kwenye volkano kama ile ina joto la nyuzi mia kadhaa, na kila alichofundishwa kuhusu hewa ya moto kinamwambia kwamba ingekwenda juu. Hajakosea. Gesi ikiwa peke yake ingepanda. Kinachoiteremsha ni mzigo iliobeba, na mzigo wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa hivyo.

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu inaeleza vizuri kuliko picha. Fikiria sanduku lenye mita moja kila upande, limewekwa ufukweni. Hewa ya kawaida iliyomo ndani ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Iondoe hewa hiyo, ujaze mvuke wa maji wenye joto la nyuzi 800, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi ya volkano ni mvuke wa maji. Mvuke wote huo ni gramu 200 tu. Uachilie, utapaa kama puto.

Sasa chukua jiwe lenye ujazo wa vikombe viwili vya chai, ulisage liwe vumbi, ulitawanye ndani ya mvuke ule. Vikombe viwili ni nusu lita, na nusu lita ya jiwe ina uzito wa kilo moja na robo. Jumlisha: kilo 1.45. Tayari sanduku ni zito kuliko hewa inayolizunguka, ilhali ndani yake mna vikombe viwili vya jiwe katika nafasi ya vikombe 4,000. Kwa macho ni moshi, lakini ukiuweka kwenye mizani umeizidi hewa, na kizito kuliko hewa hakina njia nyingine ila kushuka.

Wanajiolojia wanauita mkondo wa piroklasti, jina lililoungwa kwa Kigiriki kutokana na moto na kuvunjika. Mfaransa Alfred Lacroix, aliyeuchunguza huko Martinique, kisiwa cha Karibi, baada ya maafa ya volkano ya 1902, aliupa jina lenye maana ya wingu linalowaka. Mimi napenda zaidi jina la watu wanaoishi chini ya mlima Merapi, kisiwani Java. Wao wanauita wedhus gembel, yaani kondoo mwenye manyoya yaliyosokotana. Ukiitazama video yako tena utaona ni kwa nini: mabonge mabonge ya kijivu yanayojiviringisha mteremkoni kama kundi la kondoo waliotoka zizini kwa fujo.

Lakini manyoya si kondoo, nitarudi hapo.

Kwanza vumbi lenyewe linatoka wapi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikiwa chini sana ardhini ina maji ndani yake, yamebanwa na uzito wa miamba kama gesi ilivyobanwa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Inapopanda, mkandamizo unapungua na mapovu yanaanza kujitokeza. Kilo moja ya maji, ambayo ni lita moja tu ya kumwaga, ikigeuka mvuke wa nyuzi 800 inataka nafasi ya lita karibu 5,000. Ikiwa magma ni nyepesi, mapovu yanapenya na kutoka, na inayobaki inatiririka. Ndivyo ilivyo Nyiragongo ya Kongo. Lava yake, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, ni kama uji usiokolea, na ndiyo sababu mwaka 2002 ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na mwaka 2021 ikashuka tena hadi pembeni mwa mji. Lava hiyo iliharibu nyumba nyingi na kuua watu, lakini ilikuwa lava tu, si mkondo wa piroklasti.

Magma nzito ni jambo jingine. Fikiria ugali uliokaza, una mapovu ndani na hakuna hata moja linaloweza kupenya. Mapovu yanazidi kuvimba hadi kuta zinazoyatenganisha zinapasuka zote kwa pamoja, na kilichokuwa magma kinageuka mchanganyiko wa gesi na vipande: vingine vikubwa kama jiko, vingine laini kuliko poda ya mtoto. Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino linalouzwa sokoni ni kipande kimojawapo cha ugali huo, kilichoganda mapovu yakiwa bado ndani.

Mchanganyiko huo unaweza kuanza safari ya kushuka kwa njia zaidi ya moja. Njia iliyo maarufu ni kuporomoka kwa nguzo. Mlipuko unaporusha vitu juu kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde au zaidi, ile nguzo inayotoka mdomoni mwa volkano ni nzito kuliko hewa tangu mwanzo. Inapanda kwa sababu imerushwa tu, kama jiwe lililorushwa kwa mkono. Njiani inaimeza hewa ya pembeni. Punje za moto zinaipasha hewa hiyo, hewa inavimba, na nguzo nzima inapungua uzito. Ni mashindano: je, itakuwa imekunywa hewa ya kutosha kabla nguvu ya kurushwa haijaisha? Ikishinda, inaendelea kupaa hadi kilomita 20 au 30 na kutanda angani. Ikishindwa, inasimama kidogo, kisha inaanguka yote pale pale ilipotoka na kusambaa pande zote za mlima.

Inashindwa pale mdomo wa volkano unapopanuka sana, hewa ikashindwa kufika katikati ya nguzo. Au gesi inapopungua kwenye magma. Au vitu vinapotoka vingi mno kwa wakati mmoja. Jaribu nyumbani, jioni jiko likishapoa. Chota jivu kidogo kwenye kijiko ulimwage kutoka kimo cha kifua: linapeperuka. Kisha mwaga sinia zima kwa mkupuo. Safari hii jivu linashuka kama kitu kimoja, linapiga chini, linakimbia sakafuni kuelekea miguu yako, na juu yake kinainuka kiwingu. Jivu ni lile lile, kipimo tu ndicho kilichobadilika. (Fanya nje, la sivyo utaelezana na wenye nyumba.)

Volkano ya Vesuvius, Italia, katika mlipuko wa mwaka 79 baada ya Kristo, ilipitia hali zote mbili ndani ya siku moja. Mwandishi Mroma Plinio Mdogo, aliyekuwa ng'ambo ya ghuba, aliandika kwamba wingu lilikuwa na umbo la msonobari: shina refu, kisha matawi yaliyotanda. Hiyo ilikuwa nguzo inayoshinda. Kwa saa nyingi mji wa Pompeii ulinyeshewa mawe mepesi, na upepo ulikuwa ukiyapeleka upande huo, kwa hiyo mji wa Herculaneum, ulio karibu zaidi na mlima, ulipata kidogo tu. Halafu nguzo ikaanza kushindwa. Mikondo ilishuka usiku na kuikuta Herculaneum kwanza. Kwenye mabanda ya mashua ya ufukweni, wachimbaji wa karne ya 20 walikuta mifupa ya watu wapatao 300 waliokuwa wakisubiri kuokolewa kwa njia ya bahari.

Njia ya pili haihitaji mlipuko mkubwa hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hila zaidi. Magma iliyokaza inatoka polepole kileleni na kujirundika kama kichuguu. Kila siku inakua kidogo. Upande mmoja unazidiwa na uzito wake na kumeguka. Mabonge yanayoanguka bado yana gesi iliyobanwa ndani, na yanapogongana njiani yanapasuka na kusagika, yakiachia gesi hiyo. Kilichoanza kama maporomoko ya mawe kinafika chini kikiwa mkondo kamili. Merapi hufanya hivyo mara kwa mara. Soufrière Hills ya kisiwa cha Montserrat, Karibi, ilifanya hivyo tarehe 25 Juni 1997 na kuua watu 19. Unzen ya Japani ilifanya hivyo maelfu ya mara kati ya 1991 na 1995.

Ya tatu ni adimu lakini ya kutisha: mlima unapasukia ubavuni. Mount St. Helens, Marekani, tarehe 18 Mei 1980. Magma ilikuwa imejipenyeza ndani ya mlima na kuuvimbisha upande wa kaskazini kwa wiki kadhaa. Asubuhi hiyo tetemeko likauporomosha ubavu wote, na magma iliyokuwa imebanwa ikajikuta haina kifuniko, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa huku chupa imelazwa. Pigo lilitoka kwa mlalo na kuangusha misitu katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 600. Walikufa watu 57, mmoja wao mwanajiolojia David Johnston, aliyekuwa zamu kwenye kituo cha uangalizi. Kabla yake kituo hicho kilikuwa cha Harry Glicken, ambaye aliondoka jioni ya kuamkia siku hiyo. Glicken akaishi miaka mingine 11. Alikufa Unzen tarehe 3 Juni 1991, pamoja na wachunguzi wa volkano wa Kifaransa Katia na Maurice Krafft na watu wengine 40, ndani ya mkondo.

Tarehe 3 Juni ndiyo pia tarehe ya Fuego katika video yako, miaka 27 baadaye. Bila shaka ni sadfa, lakini watu wa fani yetu hawaisahau. Siku hiyo vitu vya moto vilivyotoka mlimani viliingia korongo la Las Lajas, upande wa kusini mashariki. Korongo hilo lilikuwa limejaa vifusi vya milipuko ya nyuma, na mkondo ukavizoa ukiendelea. Kadiri ulivyoshuka ndivyo ulivyonenepa. Ulilijaza korongo, ukatoka nje ya kingo zake, na kijiji cha San Miguel Los Lotes kikafukiwa. Waliothibitishwa kufa ni zaidi ya 100, na wengi hawakupatikana kabisa. Watu wale wa darajani wasihukumiwe kwa kusimama. Fuego hulipuka kila mara, na walishayaona mawingu yake yakikomea juu huko miaka nenda rudi.

Sasa kasi. Mwanafunzi wako atasema: sawa, ni zito, linashuka. Lakini mchanga ukiumwaga mteremkoni unasimama baada ya hatua chache. Mbona huu unakwenda kilomita kumi na zaidi, tena hata mahali penye mteremko mdogo?

Mpeleke kwenye mashine ya kusaga. Unga unapotoka ukiwa wa moto na kuangukia kwenye debe, unajisawazisha wenyewe kama maji. Ukilitikisa debe, unayumba. Urudie baada ya robo saa. Unga ule ule umeshikana, ukiuchimba kwa kidole shimo linabaki wazi. Kilichoondoka ni hewa. Unga ulipokuwa umejaa hewa, punje hazikulaliana: kila moja ilikuwa imeegemea hewa iliyo kati yake na jirani yake, na penye punje zisizogusana msuguano unakuwa kidogo sana. Zile punje zikiwa laini, hewa inachukua muda mrefu kupenya na kutoka.

Mkondo wa volkano ni unga huo kwa kipimo cha mlima. Majivu yake ni laini, kwa hiyo gesi inanaswa ndani. Gesi nyingine inaendelea kutoka kwenye punje zenyewe zinapovunjika. Hewa inayomezwa mbele ya mkondo inapata joto na kuvimba. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, ambao hutiririsha majivu halisi ya volkano kwenye mfereji mkubwa wa majaribio, walitoa maelezo mengine yanayonivutia sana. Walionyesha kwamba chini kabisa ya mkondo, mahali ambapo tungetegemea msuguano uwe mkubwa kuliko kwingine kote, mwendo wenyewe unaisukuma hewa kwenda chini na kuziinua punje. Unajitengenezea utando wa hewa wa kutelezea. Kwa maneno mengine, mkondo unajipaka mafuta wenyewe huku ukikimbia. Kasi ya kilomita 100 kwa saa ni ya kawaida kwake, na ipo mikondo iliyopita mara kadhaa ya hapo.

Sasa nirudi kwa kondoo na manyoya yake. Lile wingu unaloliona kwenye video ni manyoya. Chini yake, mahali ambapo kamera haifiki, kuna tabaka zito la mawe na majivu lenye uzito mwingi zaidi kwa kila mita ya ujazo, na hilo linatii mabonde kama maji ya mafuriko. Wingu la juu ni jepesi zaidi na halitii. Bonde likikata kona, tabaka la chini linakata kona. Wingu la juu linaweza kwenda moja kwa moja na kupanda ukingo. Hicho ndicho kilichowakuta Glicken na wenzake. Tabaka zito lilifuata bonde la mto, lakini wingu likajitenga na kuufagia mwinuko waliokuwa wamesimama. Volkano ya Krakatau, Indonesia, mwaka 1883 ilikwenda mbali zaidi: mkondo wake ulivuka bahari kiasi cha kilomita 40 na kuwaunguza watu pwani ya Sumatra. Sehemu nzito ilizama majini. Ile nyepesi ikapita juu ya maji.

Na mwisho wa mkondo unafuata hesabu ile ile ya sanduku. Njiani unadondosha mawe na kuendelea kunywa hewa. Mara unakuwa mwepesi kuliko hewa, na hapo, mwalimu, kile alichokitarajia mwanafunzi wako kinatokea: unaacha kukimbia, unainuka na kupaa, wakati mwingine kilomita nyingi. Kwa hiyo hakukosea kuhusu tabia ya moshi. Alitazama tu kabla haujatua mzigo wake.

Ukiulizwa unaua vipi, jibu ni joto na pumzi. Majivu yenye nyuzi 200 hadi 700, yakiingia mapafuni, hayahitaji muda. Huko Martinique, asubuhi ya tarehe 8 Mei 1902, mkondo wa Mont Pelée uliufikia mji wa Saint-Pierre kutoka kileleni, umbali wa kilomita 7 hivi, kwa muda wa dakika chache tu, na kuua watu wapatao 28,000. Miongoni mwa wachache sana walionusurika alikuwa mfungwa, Ludger Sylbaris, aliyekuwa ndani ya seli ya mawe yenye kuta nene na kitundu kidogo cha hewa. Aliungua vibaya hata hivyo.

Umeuliza kuhusu Menengai. Ndiyo, ilitokea, na si mara moja. Ile kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, wanayokwenda watalii kupiga picha, yenye urefu wa karibu kilomita 12, haikuchongwa na lava iliyotiririka taratibu. Maelfu mengi ya miaka iliyopita magma nzito ya aina inayoitwa trakaiti ililipuka na kumwagika kwa mikondo mikubwa iliyofunika nchi pande zote. Chumba cha magma kilipopungukiwa, paa lake likadidimia, na hilo ndilo shimo mnalolitazama. Lava nyeusi iliyotandaa sakafuni mwake ilikuja baadaye. Joto bado lipo chini, ndilo linalofuatwa na visima vya mvuke vinavyochimbwa humo kwa ajili ya umeme. Hakuna dalili kwamba mlima unajiandaa kurudia, kwa hiyo usiwatishe watoto.

Lakini wapeleke nje. Tafuta mahali barabara ilipokata kilima kwenye miteremko ya Menengai, au machimbo ya mawe ya kujengea. Mkondo ukitua ukiwa bado na joto kali, majivu yake yanalainika na kugandamana kuwa mwamba, na vipande vya jiwe jepesi vilivyomo vinabonyezwa na uzito wa juu hadi kuwa bapa. Waambie watafute mistari mifupi myeusi yenye ncha mbili, mirefu kama kidole au kama mkono, yote imelala upande mmoja ndani ya jiwe la kijivu. Kila mstari ulikuwa kipande kilichojaa mapovu. Mpe yule mwanafunzi muulizaji rula, apime urefu na unene wa vipande kumi, kisha akuambie vilibonyezwa mara ngapi.